Mafuta Hayana Haraka

Ruwi, juu ya duka la vipuri vya magari,
ngazi thelathini na mbili, lifti imekufa tangu Ramadhani,
ndipo ninapofundisha.
Watoto Jumatatu, watu wazima Alhamisi,
ndivyo lisemavyo tangazo mlangoni,
na hakuna anayelisoma.
Kiyoyozi kinakohoa kama mvuta tumbaku.
Harufu ya tapentaini imeingia mpaka kwenye buibui langu;
marehemu mume wangu akisema ameoa fundi wa gereji.

Mzee Muhanna alikuja ana miaka sitini na minane.
Thelathini na mmoja kati ya hiyo
aliimaliza kwenye visima vya Marmul.
"Nimeyatoa ardhini," akaniambia,
"sijapata kuyaona yakitulia mahali."
Siku ya kwanza alipaka rangi kama anayeziba bomba.
Nikamwambia, legeza kifundo, mzee,
hapa hapavuji kitu.
Alicheka hata akavua miwani.

Kando yake, juu ya debe la samli lililopinduliwa,
Thurayya, miaka saba,
mpini wa brashi yake umejaa alama za meno.
Na Biju, dereva wa basi la shule, mtu wa Kerala.
Sijui hata neno moja la kwao;
twasemezana kwa vidole, na kwa "zein".

Rangi nawafunza kwa majina tuliyorudi nayo huku:
manjano, ile ya jikoni, isiyotaka kutoka kuchani;
kijivu, kwa kuwa palikuwa na jivu;
damu ya mzee (Muhanna akauliza, mzee gani?);
maji ya kunde.
"Kunde ni nini?" akasema Thurayya.
Wiki ya pili nikazichemsha pale pale, jiko la umeme,
nikamimina maji yake kwenye kikombe cheupe,
tukayatazama, watu tisa, kimya,
kama waliopokea barua.

Dirishani pana mlima. Mkavu, hauna hata mchongoma.
Kila mgeni huupaka kahawia, na mimi husema:
tazama tena.
Biju alitazama majuma matatu,
kisha ubavuni akautia kijani.
Kijani! Nikafungua kinywa.
Nikakifunga.
Huyu huamka kabla yetu sote kulipasha basi moto.
Kesho yake nikatega saa, nikapanda darini kwangu,
na alfajiri ilipokuwa haijaamua bado,
kilikuwepo, kidogo, chini ya uti wa mgongo wa jabali,
kama sufuria ya shaba iliyosahauliwa na ndimu.
Miaka ishirini na miwili nafundisha mlima ule.

Nyuma ya kabati kuna turubai langu, limepewa ukuta.
Uso wa mama. Macho yapo, ukaya upo,
mdomo nimeufuta na kuurudia
mpaka rangi imevimba kama kidonda.
Watu husema, maskini, wanafunzi hawampi nafasi.
Sikanushi. Ni kisingizio kizuri, tena kinalipwa.
Juzi niliubonyeza kwa ukucha:
juu ngozi ngumu,
chini yake laini.

Ndiyo maana Muhanna alipomaliza kisima chake
(hakuchora mashine, alichora kofia yake ngumu
imewekwa mchangani, na kivuli chake)
akauliza, "Itakauka lini?"
sikuweza kumdanganya.
Juu, nikasema, wiki mbili. Ndani, miaka.
"Mingapi?"
Mingi.
Akaikunja fulana yake ya kazi taratibu,
mkono kwa mkono, kama nguo ya msafiri.
"Basi mimi sitaiona."
Kiyoyozi kikakohoa. Biju akatazama viatu vyake.
"Nitakuangalizia mimi," akasema Thurayya,
brashi ingali mdomoni,
kisha akauliza kama zile kunde zilibaki.